Kadogo Mpe Pasi, Usimtume Kugonga Ukuta

Wacha niweke msimamo wangu mapema, usimalize bando bure. Mchezaji mfupi mwenye mbio hafai kukaa benchi. Pia hafai kutumwa katikati ya miili mikubwa halafu akizuiwa tuseme hawezi. Anafaa kupewa pasi, pembeni, mahali kuna nafasi, akiwa tayari ameshika kasi. Kama unakubali, enda ukaoshe vyombo, tumemalizana. Kama hukubali, vuta kiti.

Mchezo ninaoongelea si hii futa ya kawaida. Ni futiboli ya Marekani, ile ya mpira wa umbo la yai, lakini ile aina isiyo na kuangushana inayoitwa flagi. Watano kwa watano. Kila mtu anavaa mshipi wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni, na ukitaka kumsimamisha mwenye mpira unang'oa kitambaa chake. Hakuna kumkumbatia, hakuna kumbwaga. Sisi huku Kabiro tuko kama kumi na wawili hivi, tunacheza Jumapili asubuhi kabla wenye futa waje kudai uwanja wao. Mishipi tulishona wenyewe, vitambaa vimetoka kwa leso kuukuu, na mpira ni mmoja tu, umechubuka mpaka unateleza kama sabuni. Wengi wetu tulitoka raga, maana RFUEA iko hapo tu Ngong Road na tulikua tukiona watu wakipita na mabegi yao ya mazoezi.

Mtaani wanatuona kama watu wamerukwa na akili. Sawa. Lakini Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha flagi iwe kwenye michezo ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake. Mchezo ambao watu wanaucheka kwa murram ya Kawangware ndio huo huo utakuwa na medali. Sasa uelewe kwa nini nachoma kuhusu nani anachaguliwa na nani anaachwa.

Kocha wetu ni mtu poa. Hatulipishi, na siku zingine maji ya kunywa ananunua yeye. Shida ni moja: akipanga watano wa kuanza, anapanga kwa macho, na macho yake yanaanzia kwa mrefu yakishuka. Kuna kijana wa kidato cha tatu tunamwita Kadogo. Kwa mita 20 za kwanza hakuna mtu anamshika, na nimesema hakuna. Lakini Kadogo anaingia dakika za mwisho, anapewa mpira mkononi na kuambiwa apite katikati. Mbele yake kuna walinzi watatu wamejipanga wakimngoja. Anapiga hatua mbili, kitambaa kimeng'oka. Kocha anatikisa kichwa.

Juzi nikamfuata baada ya mazoezi. "Kocha, samahani nikikuingilia. Kadogo anapewa mpira mahali pabaya."

"Wewe umekuwa kocha lini?"

"Sijakuwa, kocha. Lakini angalia amesimama wapi wakati anaupata."

Akacheka, akanigonga bega. "Kijana wangu, mimi nimecheza raga miaka kumi. Mwili ni mwili."

Basi hii ndiyo barua yangu ya kujibu hayo maneno matatu.

Tuanze na futiboli yenyewe ya kule Marekani, ile ya helmeti. Nyuma ya kwotabeki, yule anayerusha pasi, kuna mtu anaitwa raningibeki. Kazi yake ya zamani ni kupokea mpira mkononi na kuupenyeza katikati ya majitu. Majitu kweli, wengine wana zaidi ya kilo 130. Ukiangalia hiyo picha peke yake, hata mimi ningesema mfupi akae nyumbani.

Sasa msikilize Darren Sproles. Sentimita 168. Huyo akipanda mathree ya 46 hainami kichwa. Alichaguliwa na San Diego Chargers mwaka 2005, na 2011 akaenda New Orleans Saints. Pale kocha Sean Payton hakujaribu kumgeuza jitu. Msimu huo Sproles alikimbia na mpira aliopewa mkononi mara 87, akadaka pasi 86. Hebu zisome tena hizo namba mbili. Ukijumlisha kukimbia, kudaka na kurudisha mipira iliyopigwa kwa mguu, alifikisha yadi 2,696, rekodi ya NFL kwa msimu mmoja. Hiyo ni karibu kilomita mbili na nusu za kukimbia na watu wazima wakikufukuza wakuangushe.

Alifanyaje? Hesabu ni rahisi. Badala ya kupita katikati, raningibeki anachomoka kwenda pembeni kabla mpira haujarushwa. Saa zingine anajifanya anabaki kulinda, walinzi wanamsahau, kisha anateleza nyuma yao. Saa zingine anaenda kama anatoka nje halafu anakata ghafla kurudi ndani. Pasi yenyewe ni fupi, hata mama yangu anaweza kuirusha. Utamu unaanza baada ya kudaka, sababu sasa kuna mtu mmoja tu wa kumpita, na huyo mmoja ni mzito.

Hapo ndipo kocha wa upande ule anaumwa na kichwa. Akimweka mlinzi mkubwa amfuate Kadogo wao, ameachwa na mbio. Akiingiza mlinzi mwepesi mwenye kasi, amepunguza nguvu katikati, basi unaenda na mpira huko huko katikati. Mtu mmoja mfupi amemlazimisha mpinzani achague shida gani anataka.

Kwetu huku hili somo halihitaji ubao. Simama stage ya Kawangware saa kumi na mbili jioni, Naivasha Road imeshikana, lori limesimama, basi limesimama, mwenye Prado amesimama na hasira zake. Bodaboda imepita. Je, boda imelishinda lori kwa nguvu? Wapi! Boda ikigongana na lori tunachangisha matanga. Boda imepita kwa sababu imeenda mahali lori haliingii. Halafu sisi tunachukua boda yetu ya pekee, tunaipeleka ikagonge lori uso kwa uso, tukirudi tunasema boda ni mbovu.

Na kwenye flagi hii hoja inakuwa nzito zaidi. Kwanza, hakuna kuangushana, kwa hivyo kilo zako hazina wa kumbwaga. Pili, kuna sheria ambayo wengi wetu tunaichukulia kama mapambo: ukikaribia katikati ya uwanja, na ukikaribia mstari wa kufunga, kuna eneo la yadi 5 ambapo hairuhusiwi kukimbia na mpira. Lazima upasi. Tafadhali fikiria maana yake. Unapewa nafasi nne kuvuka katikati, kisha nne zingine kufunga. Ukifika pale karibu kabisa, pahali pa pointi, ile "pita katikati" ya kocha haiko kwa sheria. Kama Kadogo hajafundishwa kudaka, amekuwa wa kupamba uwanja. Na kama amefundishwa, nani atamshika kwa nafasi finyu namna ile, akigeuka mara mbili kwa hatua tatu?

Najua mtasema nini. Mtasema mfupi haonekani na mwenye kurusha. Ni kweli, akiwa nyuma ya watu warefu katikati. Pembeni anaonekana vizuri kabisa, na ndiyo maana nasema pembeni. Mtasema mikono yake midogo haidaki. Kudaka ni mazoezi, na Kadogo hajawahi kurushiwa pasi ishirini mfululizo tangu aje, sasa huo ustadi angeutoa wapi? Mtasema pia kwamba akiingia tu kila mtu atajua pasi inaenda kwake. Hii ya mwisho ni hoja nzuri, naipa heshima yake. Ukimwingiza mtu kwa kazi moja tu, umemwambia mpinzani siri yako. Ndiyo nikawaambia mzisome zile namba za Sproles mara mbili, 87 na 86. Karibu nusu kwa nusu. Mlinzi hakuwa na cha kubahatisha. Kadogo naye apewe pasi, apewe mpira mkononi akielekea pembeni, na saa zingine akimbie bure bila mpira ili awavute wawili nyuma yake.

Na lazima niwe mkweli hapa: Sproles alikuwa mfupi, hakuwa mwepesi. Alikuwa na kilo kama 86, miguu kama magogo ya mugumo. Kwenye ile futiboli ya helmeti, raningibeki akibaki nyuma ni lazima amzuie mtu anayemvamia kwotabeki, na hapo kilo zinahesabiwa. Kwa hivyo sisemi mwili hauna maana popote. Nasema flagi imeondoa ile kazi moja iliyohitaji kilo, ikabakiza zile ambazo Kadogo anaziweza. Sisi tukaleta macho ya mchezo mwingine kuchagulia mchezo huu.

Hata naelewa hayo macho yalitoka wapi. Mkenya wa kwanza tuliyemwona akicheza NFL ni Daniel Adongo, mwaka 2013, na Indianapolis Colts. Alitoka raga, na urefu wake ulikuwa karibu mita mbili. Heshima kwake. Lakini picha ikabaki hapo, kwamba Mkenya wa futiboli ya Marekani ni jitu. Tukasahau kitu tunachokijua sisi wenyewe. Aprili 2016 kule Singapore, Shujaa chini ya marehemu Benjamin Ayimba waliifunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali. Raga ya wachezaji saba inachezwa kwenye uwanja ule ule wa kumi na tano, nafasi kubwa watu wachache, na hapo mpira ukimfikia mwenye mbio akiwa amefunguka ndio umemaliza kazi. Nchi hii imeshawahi kujifunza kupeleka mpira kwenye nafasi. Hatuhitaji mzungu atuletee.

Sasa nifike pale panaponiuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliona kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kenya wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Karibu mmoja kwa kila watano. Sisemi Kadogo ni mmoja wao, mimi si daktari wake, na kuna watu wafupi tu kwa sababu babu yao alikuwa mfupi. Lakini tunaishi hapa. Tunajua nyumba ambazo jioni ni chai kavu, na tunajua wamekua na nani. Ukichagua timu kwa kimo mtaa kama huu, jua pia umechagua kwa sahani. Aliyekosa chakula akiwa na miaka miwili unamkosesha jezi akiwa na kumi na saba, na zote mbili unaita mwili.

Na jezi si kitambaa tu. Jezi ndiyo nauli ya kwenda kucheza mtaa mwingine. Ndiyo mtu wa klabu kukuona, ndiyo mwalimu kukutetea ofisini wakati karo imechelewa. Kadogo Jumapili mbili zilizopita hakuja. Nikamuuliza, akasema alikuwa na kazi. Kazi gani hakusema. Mtu mwenye mbio namna hiyo akianza kukosa, ujue hakimbii tena kuja uwanjani, ameanza kutafuta mahali pengine pa kukimbilia, na huku kwetu mahali pengine pako pengi.

Kwa hivyo kocha, kwa heshima zote, sikuombi umwonee huruma. Huruma ndiyo hiyo ya dakika mbili za mwisho. Nakuomba vitu vitatu. Kila mazoezi arushiwe pasi ishirini akiwa anakimbia, si akiwa amesimama. Tuwe na mipango mitatu tu inayoanza na yeye kutoka pembeni, tuirudie mpaka kwotabeki airushe akiwa amefumba macho. Na mechi inayokuja aanze, acheze nusu nzima, tuhesabu. Mara ngapi alipata mpira akiwa na nafasi, na alienda hatua ngapi kabla kitambaa kung'oka. Namba zikikataa, nitanyamaza, na maji ya mwezi mzima nitanunua mimi.

Mwili ni mwili, sawa. Lakini nafasi nayo ni nafasi, na hiyo ndiyo kocha anaigawa.

Jumapili hii napitia kwao saa moja asubuhi nimgongee mlango.