Waelfi na Asili Yao

Hakuna jamii ya watu isiyokuwa na hadithi ya mwanzo wake. Wako wasemao kwamba babu yao wa kwanza alishuka mlimani, wako wasemao alitoka majini, na wako wasemao alikuja kwa jahazi kutoka ng'ambo. Hadithi hizi hupokewa utotoni, kabla akili haijajifunza kuuliza, na kwa sababu hiyo hukaa moyoni muda mrefu kuliko masomo mengi ya darasani. Nataka leo, ewe msomaji kijana, tutazame pamoja hadithi moja ya namna hiyo. Watu wake hawakuishi popote chini ya jua. Wamebuniwa kwa ajili ya mchezo. Walakini usiwadharau kwa kuwa ni wa kubuni. Sungura wa hadithi zetu naye ni wa kubuni, na wengi wamepata kwake akili ambayo hawakuipata kwa watu wazima.

Watu hao huitwa Waelfi, na mmoja wao ni Mwelfi. Usilichanganye jina hili na elfu ya hesabu. Asili yake ni Ulaya ya kaskazini. Waingereza wa kale waliamini kwamba wako viumbe wasioonekana, wawezao kumchoma mtu au mnyama kwa mishale yao na kumtia maradhi. Hata hivyo hawakuona vibaya kuwapa watoto wao majina yenye kuwataja viumbe hao. Jina la Alfred, mfalme mashuhuri wa karne ya 9, maana yake ni shauri la Mwelfi. Huko Iceland, mwandishi Snorri Sturluson wa karne ya 13 aliwagawa Waelfi mafungu mawili, wa nuru na wa giza. Kisha J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford, alitoa kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, katika miaka ya 1954 na 1955. Humo Waelfi ni watu warefu, wazuri wa sura, wenye hekima, lugha zao wenyewe na umri usiokoma. Tangu hapo watunzi wengi wa hadithi na wa michezo wamechota katika kisima hicho.

Mmoja katika michezo hiyo ni World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Blizzard Entertainment mwezi wa Novemba 2004. Huchezwa kwa kompyuta iliyounganishwa na intaneti, na watu wa nchi mbalimbali hukutana humo katika dunia moja ya kubuni, iitwayo Azeroth. Katika mwaka 2010 waliolipa ada ya kuucheza walifika milioni 12. Mchezaji huanza kwa kumwumba mhusika wake na kumchagulia jamii, na kila jamii ina nchi yake, mavazi yake na historia yake.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndiye aliyenijulisha habari za mchezo huu katika likizo moja ya Desemba. Mhusika wake alikuwa Mwelfi wa Damu, mpiga upinde mwenye macho ya kijani. Nilimwuliza, "Hawa ni watu wa wapi?" Akajibu kwa majivuno, kana kwamba anautaja ukoo wake mwenyewe, "Mjomba, hawa ni watu wakubwa. Nasaba yao ni ya juu." Nikamwuliza tena, "Na kabla ya kuwa wa nasaba ya juu, walikuwa nani?" Alicheka kidogo, akasema kwamba jibu lake ni refu. Jioni kadhaa tulikaa akinisimulia, na mengine niliyasoma mwenyewe. Hadithi yenyewe ni hii.

Hapo kale, katikati ya nchi kuu ya Azeroth, palikuwa na maji ya ajabu yaliyoitwa Kisima cha Milele. Jina ni la kisima, lakini upana wake ulikuwa wa ziwa, na maji yake yalijaa nguvu za uchawi. Kundi dogo la watu wa msituni lilifika ukingoni mwake, likajenga makao. Vizazi vikapita, na nguvu za maji zikawageuza watu wale. Kimo chao kiliongezeka, akili zao zikanolewa, na umri wao ukarefuka hata uzee ukawa kama umewasahau. Walimwabudu Elune, mungu wao wa mwezi, wakajiita Kaldorei, maana yake watoto wa nyota. Hao ndio Waelfi wa Usiku.

Je, lile kundi dogo la kwanza lilikuwa la watu gani? Lilikuwa la Watroli. Katika dunia ile Watroli ni watu wenye meno marefu yatokezayo kinywani kama ya ngiri, wawindaji na watu wa matambiko, nao ni miongoni mwa wakazi wa kale kabisa wa Azeroth. Waelfi huwahesabu kuwa washenzi. Kwa muda mrefu habari ya udugu huu ilibishaniwa na wachezaji. Wengine waliikubali, wengine wakaikana. Mwaka 2016 watungaji wa mchezo walitoa kitabu cha kwanza cha historia ya dunia yao, nacho kikasema waziwazi kwamba Waelfi walitokana na Watroli waliobadilishwa na maji ya Kisima.

Tuendelee. Waelfi wa Usiku walipata malkia aliyeitwa Azshara. Yeye na wakuu wa baraza lake walizama katika uchawi wa Kisima bila kiasi, mpaka mashetani wa mbali wakauona mwanga wake wakaja kuivamia dunia. Vita vilipokwisha, Kisima kilikuwa kimeporomoka, bahari imeingia mahali pake, na nchi kuu imepasuka vipande. Waliosalia walikata shauri kwamba uchawi wa namna ile ni haramu, na atakayeutumia atauawa. Baadhi ya wakuu wa zamani hawakuweza kuishi bila uchawi huo. Wakiongozwa na Dath'Remar Sunstrider waliiasi amri, wakahukumiwa kufukuzwa, wakapanda merikebu kuelekea mashariki.

Katika safari hiyo walibadilika tena. Walikuwa mbali na chanzo cha nguvu zao. Kimo chao kilipungua, rangi ya zambarau ikatoka katika ngozi zao, na kifo cha uzee kikawarudia. Waliacha maisha ya usiku na mwezi, wakashika ya mchana na jua. Walipofika kaskazini ya bara jipya, Dath'Remar alimimina maji kidogo yaliyoibwa katika Kisima cha Milele, na hapo kikazaliwa Kisima cha Jua. Nchi wakaiita Quel'Thalas, na wenyewe wakajiita Quel'dorei, yaani watoto wa nasaba bora.

Hapa nakuomba usimame kidogo. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, nao walikuwa Watroli wa kabila la Amani, jina ambalo masikioni mwetu ni jema, ingawa wao hawakuachiwa amani. Waelfi waliwatoa katika ardhi yao na kujenga juu ya mahali pao patakatifu. Vita vya pande hizi mbili vilikuwa virefu na vikali. Hata ilipofika siku ya kuelemewa, Waelfi waliwaendea wanadamu kuomba msaada, wakakubali kuwafundisha watu mia moja uchawi kama malipo ya msaada huo. Watroli wakashindwa, na chuki ikabaki. Waliopigana hivi walikuwa damu moja. Watoto wa nasaba bora waliwafukuza wajomba zao wenyewe, na kwa kuwa hadithi waliyojisimulia ilianzia katika nyota, hawakumtambua ndugu aliyesimama mbele yao.

Mambo haya yalinigusa kwa sababu nimeyaona karibu. Katika ukoo wangu husimuliwa kwamba babu yetu wa kwanza alifika kijijini akiwa na mkuki, jiwe la kunolea na ng'ombe watatu, akafyeka msitu, akazaa wana saba. Nimeisikia hadithi hiyo arusini na matangani tangu utoto wangu, wala hesabu ya ng'ombe haijapata kusahauliwa. Lakini mama wa wale wana saba hatajwi jina. Watu wake nao hawatajwi, ingawa wazee wote wajua kwamba alizaliwa palepale, na kwamba ndugu zake ndio waliomwonyesha mgeni chemchemi ya maji. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilirudi nyumbani siku moja nikamwuliza bibi yangu sababu. Akasema, "Mjukuu wangu, waliosimulia walikuwa wanaume, na waliosikiliza walitaka kuambiwa kwamba wao ni wana wa mwenye mkuki." Hata sasa wako baadhi yetu wawaitao majirani wa upande wa mama yule watu wa porini, kwa mzaha ambao wenyewe hawaucheki.

Sisemi kwamba hadithi ya ukoo wangu ni ya uongo. Huenda kila neno lake ni kweli. Kasoro yake imo katika yale isiyoyasema, na mtoto alelewaye kwa hadithi iliyopunguzwa huweza kumdharau jamaa yake bila kujua kwamba ni jamaa.

Jambo la pili la kuangalia ni majina. Katika mchezo wa Warcraft III, uliotolewa mwaka 2002, Arthas, mwana wa mfalme wa wanadamu aliyegeuka kuwa mtumishi wa mauti, aliiongoza jamii ya wafu juu ya Quel'Thalas. Jemadari Sylvanas Windrunner aliilinda nchi mpaka akauawa. Mfalme aliuawa, Kisima cha Jua kikanajisiwa, na katika kila Waelfi kumi wapata tisa walikufa. Mwana wa mfalme, Kael'thas, aliwakusanya waliosalia akawapa jina jipya, Sin'dorei, watoto wa damu. Mgeni alisikiapo jina la Waelfi wa Damu hudhani kwamba ni watu wa kuua. Kumbe damu iliyotajwa ni ile ya wenzao waliokufa. Jina lile ni tanga la taifa zima. Basi kabla hujalicheka jina la mtu au la jamii, uliza kwanza lilizaliwa siku gani, na siku hiyo kulikuwa na msiba gani.

Kisima kilipokufa, waliosalia waligundua kwamba kwa maelfu ya miaka walikuwa wameishi kwa uraibu. Mtu aliyezoea tambuu akaikosa siku mbili ataelewa kidogo. Wao waliikosa nguvu iliyokuwa katika mifupa yao. Walianza kunyonya uchawi popote walipoupata, hata kwa mashetani, na macho yao yakawa ya kijani. Walimkamata kiumbe wa nuru aitwaye M'uru, wakamfunga na kunyonya nguvu zake. Kael'thas mwenyewe aliwasaliti watu wake, akajiunga na mashetani walioiharibu dunia yao zamani.

Mwisho wa sehemu hiyo, uliotolewa mwaka 2008, ni wa kufikirisha. Kael'thas alishindwa, na Kisima cha Jua kiliwashwa upya. Hakikuwashwa kwa maji ya wizi. Mzee Velen, nabii wa jamii ngeni ya Draenei, alichukua cheche iliyobaki ya yule M'uru aliyeteswa, akaitia kisimani, na nuru ikarudi. Waliokolewa na mgeni, kwa uhai wa mfungwa wao. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Waelfi wa Damu walikuwa wameingia katika muungano uitwao Horde, na ndani ya Horde walimkuta nani? Watroli wa kabila jingine. Wazao wa Kisima cha Milele na jamaa za wazee wao wakala katika kambi moja.

Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Ni neno la kweli, lakini wako walitumiao kujivunia ukoo na kumfunga mdomo mwenye kuuliza. Hawezi mtu kuishika asili asiyoijua. Waelfi waliishika asili yao kwa nguvu, wakaimba habari za nyota na nasaba, na kumbe walikuwa wameshika nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa ng'ambo ya mpaka, na meno marefu, na jina la mshenzi.

Basi, ewe msomaji, usikapokaa na wazee wako kusikia habari za mwanzo wenu, kwani ajaye kuuliza baada ya mazishi huwa amechelewa. Sikiliza kwa adabu, na ukipata daftari andika. Kisha, kwa adabu ileile, uliza: mgeni alipofika, nani alikuwapo? Nani alimwonyesha maji? Huenda jibu likakupa ndugu ambao hukuwa nao jana. Ukisha kuwapata, wataje kwa majina yao, ili atakayesimulia baada yako asiwaache nje ya hadithi.