Mawinga wa Chato, nani zaidi?

Basi bwana, jioni moja nilikuwa Chato, kando ya Ziwa Victoria, kijiwe cha kahawa kimechangamka. Ubishi: kati ya mawinga wawili chipukizi wa pale mtaani, nani atafika mbali? Mimi nikamtetea wa kulia, dogo ana mbio balaa! Mzee mmoja akanikata kauli: "Mjukuu wangu, mbio bila krosi ni jasho la bure. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Unadhani mipira ilimfuata yenyewe?" Nikanywea.

Lakini 2024 Geita Gold ilishuka daraja. Kesho yake nikamwona yule wa kushoto, fundi wa krosi, akipanda gari la machimboni, njumu begani. Wenye timu, mpo?