Uhuru Park kupitia Bahati

Anayetaka kuuona mnara wa Mau Mau ulioko Uhuru Park hupanda matatu ya mjini, akashuka, basi. Mimi nilianzia Bahati makusudi. Maelfu ya wanaokumbukwa kule hawakuwahi kukanyaga msitu wa Nyandarua. Walitolewa vyumbani mwao huku Eastlands.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 chini ya Jenerali Erskine waliuzingira mji wa Nairobi kuwasaka Mau Mau, waliopigana na ukoloni wa Waingereza. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil. Mtaa baada ya mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapakiwa kwenye malori hadi Langata. Huko walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa tu, kijana anakwenda kambi ya kizuizi ya Manyani au Mackinnon Road bila kesi.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akiota jua kama pana alama yoyote ya siku hiyo.

“Alama gani, kijana? Nyumba ndizo hizi.”

Nikavuka Jogoo Road hadi Kaloleni. Katika ukumbi wake, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa. Aliachiliwa mwaka wa 1961. Kutoka hapo nilifuata barabara hadi soko la Burma na Shauri Moyo, mitaa ya Anake a Forty, vijana wa rika la 1940 waliochoka kusubiri wazee wao wa siasa. Siku hizi Burma watu huja kutafuta nyama, na sioni ubaya.

Mjini nilifika jioni. Mnara ulizinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 kwa fedha za serikali ya Uingereza, miaka miwili baada ya serikali hiyo kukubali kuwafidia wazee 5,228 walioteswa wakati huo. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini wamepeana visogo: akikamatwa mmoja, asiweze kumtaja mwenzake. Hakuna sanamu Nairobi iliyofikiriwa vizuri kuliko hii. Ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kule mjini ina bunduki na fahari yake. Hii ina hofu, na hofu ndiyo iliyoishi Bahati.

Waingereza waliwanyonga watu 1,090 katika vita vya Mau Mau, wengi wao vijana, baadhi kwa kupatikana na risasi tu. Mnara mmoja bustanini hauwatoshi, tena uko mbali na milango waliyotolewa. Serikali ya Kaunti iweke jiwe Bahati na jingine Kaloleni, yaandikwe majina. Nawe msomaji, kama nyanya yako aliishi huko mwaka ule, muulize ni nani hakurudi, uliandike jina lake wiki hii.