Kumi ya Nini?

Mnajua Kenyatta Market ukiingia tu unaitwa "msupa, kuja nikusuke" na watu kumi kabla hujashika mlango. Jumamosi wasusi watatu walikuwa kwa kichwa changu, moshi wa nyama choma unatupitia, na mimi nacheza ile video yangu ya madini. Ile niliwaambia, kifua mbele, kwamba sheria inapatia jamii asilimia 10 ya madini yao. Mliishea sana.

Msusi wa kushoto, anti mmoja wa Kwale, akaacha rasta katikati. "Mwanangu, hiyo kumi ni kumi ya nini?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimesoma sheria yenyewe, nilikuwa nimeona tu mtu akiisema.

Basi nimeisoma. Sheria ya Madini ya 2016, kifungu cha 183. Kampuni ikiuza madini, inalipa serikali mrabaha, yaani kipande cha yale mauzo. Ni hicho kipande ndicho kinagawanywa: serikali kuu 70, kaunti 20, jamii 10. Ni kama kuahidiwa chapati, kumbe ni ya ile iliyobaki kwa sahani ya mtoto.

Halafu kuna kanuni za 2017, zile niliruka kwa video juu namba yake ni ndogo. Kampuni kubwa lazima iwekeane mkataba na jamii, na kila mwaka itoe angalau asilimia 1 ya mauzo. Mauzo, si faida. Sasa piga hesabu. Tuseme mrabaha ni asilimia 5. Kampuni ikiuza ya shilingi 1,000, mrabaha ni 50, jamii inapata 5. Ile asilimia 1 niliyoidharau? Shilingi 10. Mara mbili.

Na mimi nilikuwa nawapigia kelele kuhusu kumi.

Base Titanium walichimba mchanga wa Kwale kwa zaidi ya miaka kumi, wakaacha Desemba 2024. Tusidanganyane, walijenga madarasa na zahanati, wakasomesha watoto. Lakini mimi niliacha kampasi mwaka wa pili juu ya karo, najua basari ni nini: unaandika barua, unangoja, unashukuru. Mrabaha na ile 1 haziombwi. Zinadaiwa, na huwezi kudai kitu hujui ni kipande cha nini.

Sasa hapo hapo Kwale kuna Mrima Hill, na madini yake yanatafutwa na dunia nzima. Siku moja wazee wataitwa kwa kikao, karatasi mezani, na kijana mmoja atawaambia "tumepewa kumi" kwa sababu aliniona mimi nikisema.

Video nimeitoa. Mpya nimerekodi, ila sijaipandisha. Rasta zangu zinakaa wiki sita. Nikirudi kufumua, anti ataiona kwanza. Amesema nikikosea tena hesabu, ananisuka za kubana.