Mto Kinabatangan na Mafuta ya Karai Letu



Kisiwa cha Borneo kimegawanyika baina ya nchi tatu: Malaysia, Indonesia na Brunei. Kaskazini mwake, katika jimbo la Sabah nchini Malaysia, wapita mto uitwao Kinabatangan, wenye urefu wa kilomita 560, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Sulu. Tulijaaliwa kuufikia mto huo pamoja na mama watoto na binti yetu, baada ya kumzuru kijana wetu anayesoma Kuala Lumpur. Tulipanda ndege hadi mji wa Sandakan, kisha gari kwa muda wa zaidi ya saa mbili hadi kijiji cha Sukau, kilicho ukingoni mwa mto.

Wenyeji wa hapo huitwa Orang Sungai, maana yake watu wa mto, na wengi wao ni Waislamu. Kwa hivyo msafiri hataabiki kutafuta chakula cha halali wala kuuliza kibla. Kimalei wanachozungumza na wageni kina maneno mengi ambayo sisi pia tuliyapata kutoka Kiarabu. Dunia kwao ni dunia, wakati ni waktu, riziki ni rezeki, na amana ni amanah. Binti yetu aliyaandika yote katika daftari lake.

Safari za boti za kutazama wanyama hufanywa asubuhi na mapema, na tena jioni. Sisi tulichagua ya jioni. Tukiwa wasafiri, tulikuwa tumekwisha kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, na ilipofika saa kumi tukashuka gatini. Kiongozi wetu, mwenyeji wa kijiji, alihakikisha kila mmoja amefunga jaketi okozi barabara, kinamama juu ya mabuibui yao, akatuomba tusitie mikono majini kwa sababu ya mamba. Kisha akauliza kwa adabu, "Ustaz, tuanze?" Tukasoma dua ya safari, na boti ikaondoka. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na msitu umesimama kama ukuta pande zote mbili.

Haukupita muda, kiongozi akazima injini kubwa na kuwasha ndogo ya umeme isiyo na kelele. Juu ya mti walikuwa wamekaa kima wenye pua ndefu, ambao hawapatikani popote duniani ila Borneo. Pua ya dume huning'inia hadi ikapita mdomo, na tumbo lake ni kubwa kwani chakula chake ni majani. Wenyeji walimpa jina la monyet belanda, yaani kima Mholanzi, kwa kumfananisha na wakoloni waliowaona. Kila jioni kima hawa hurudi kulala katika miti ya ukingoni, na ndiyo sababu boti hutoka saa hizo.

Mbele kidogo waliruka hondohondo wawili. Kiongozi alitueleza kuwa jike anapotaka kutaga huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango ukazibwa hadi ukabaki ufa mwembamba. Kwa wiki nyingi dume humletea chakula kupitia ufa huo. Mama watoto akasema, "Wako wanaume wa kuletwa hapa wakasome." Hatukuwa na jibu.

Kisha, kwenye kona ya mto, tukawakuta ndovu wakila nyasi, na watoto wao miguuni. Ndovu wa Borneo ni wadogo kuliko ndovu wengine wa Asia, na walio hai porini wanakadiriwa kuwa 1,000 hivi. Walikuwa karibu nasi hata tukasikia nyasi zikikatika. Hapo binti yetu akauliza swali ambalo sisi wakubwa hatukulifikiria: "Mbona wanyama wote wako hapa ukingoni?"

Kiongozi alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Kwa sababu nyuma ya miti hii hawana pa kwenda."

Alitueleza kuwa msitu tuliouona kama ukuta, katika sehemu nyingi ni ukanda mwembamba tu. Nyuma yake ni mashamba ya michikichi, safu kwa safu, kama tuliyoyapita njiani. Mwaka 2005 serikali ya Sabah iliutangaza msitu uliobaki kuwa hifadhi, takriban hekta 26,000, lakini umekatika vipande 10. Hondohondo anahitaji mti mzee wenye tundu, na miti ya namna hiyo ilikatwa. Ndovu anahitaji njia ndefu ya kutembea, naye hukutana na shamba.

Hata hivyo, mtu yule hakuyalaani mashamba. Alisema ndugu zake wanafanya kazi humo, na karo za watoto wao hutoka humo. "Ni rezeki," alisema, "lakini msitu nao ni amanah."

Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kutoka Asia hiyo leo mafuta ya mawese huletwa kwa meli hadi bandari ya Mombasa. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia tunayonunua Kenya, ya chupa na ya kopo, ni hayo. Mama watoto alipofahamu alisema, "Basi hii ndiyo ya karai letu." Mahamri ya asubuhi, viazi karai na sambusa za Ramadhani, vyote vimeungana na ukingo ule.

Hatusemi mafuta haya ni haramu, wala hatuwaiti watu wayasuse. Mchikichi hutoa mafuta mengi kwa hekta moja kuliko mmea mwingine wowote, na tukiuacha huenda msitu mwingi zaidi ukakatwa kwa mmea mwingine. Tunachosema ni israfu. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kufuja maji hata kwa mwenye kutawadha katika mto upitao. Ikiwa maji ya mtoni yana hesabu, basi na mafuta yanayojazwa hadi juu ya karai kwa sambusa kumi, kisha yakamwagwa mtaroni, nayo yana hesabu.

Huko Sukau wako wanawake wa kijiji ambao kazi yao ni kupanda miti ili vipande vya msitu viungane tena. Wao wanapanda kwa mikono yao. Sisi tulio mbali tupime mafuta kabla ya kuyatia, na tuwaeleze watoto wetu yanatoka wapi.