Matairi mapana yaliyonifichua mbele ya mama watoto

Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa ndio kwanza tumetoka kanisani. Mama watoto alikuwa jikoni anageuza chapati, nami nimejitupa kitini sebuleni nikisubiri kuitwa mezani, pale kifungua mimba wetu alipochomoa karatasi mfukoni na kunikabidhi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: 215/45 R17. Chini yake palikuwa na bei ambayo sitaitaja hapa, maana najua wapo wazazi wenye maradhi ya moyo wanaosoma ukurasa huu.

"Baba, nataka tulivalishe gari viatu vya maana," akasema.

Gari lenyewe ni Toyota Premio la mtumba kutoka Japani, tulilolichangia mimi na yeye nusu kwa nusu. Siku za kazi huenda nalo kibaruani. Mara moja kwa mwezi humpeleka mama yake kliniki ya shinikizo la damu, na sikukuu zikifika hutupeleka sote mashambani tukiwa watu watano na gunia la viazi. Malalamiko yake yalikuwa kwamba likiingia kona kwa kasi hulala upande na kuchelewa kuitikia usukani, kama mzee anayeitwa mara tatu ndipo ageuke. Hapo hakukosea. Hata mimi nilikuwa nimeliona hilo.

Lakini nilipoisoma ile karatasi nilihisi ubaridi mgongoni, kwa sababu ambayo nimeificha zaidi ya miaka 25.

Kwanza, kwa faida ya msomaji ambaye kwake tairi ni tairi bora liwe jeusi na la mviringo, acha nifasiri nambari hizo. Tazama ubavuni mwa tairi la gari lako. Letu limeandikwa 195/65 R15. Ile 195 ni upana wake kwa milimita. Ile 65 si milimita, na hapa ndipo wengi hupotelea. Ni asilimia ya ule upana, na ndiyo inayokupa kimo cha ubavu wa tairi. Asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127. Herufi R yaonyesha kwamba tairi ni la radiali, yaani nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ile 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Zidisha kwa 25.4, ongeza mbavu mbili, wa juu na wa chini, na utapata kimo kizima cha gurudumu: milimita 634 na ushei.

Sasa rudi kwenye karatasi ya kijana. Tairi la 215/45 R17 lina ubavu wa milimita 97 tu, na kimo kizima cha milimita 625. Tofauti haifiki hata asilimia mbili. Kumbe hakuwa amekisia! Alikuwa ameketi akapiga hesabu, na nikakiri moyoni kwamba ada ya shule niliyolipa haikupotea bure.

Kanuni ndiyo hiyo: rimu ikikua, ubavu wa tairi sharti upungue, ili kimo kizima kibaki karibu na kile alichokusudia aliyelitengeneza gari. Ukipuuza hilo, kipimamwendo kitakudanganya. Mathalan, ukilivalisha gari kama letu 205/60 R16, kimo kitafika milimita 652. Sindano iliyokuwa ikisema kweli itakuonyesha 100 nawe uko karibu 103, na siku gari limebeba gunia la viazi tairi huenda likasugua bodi.

Na kwa nini ubavu mfupi hulifanya gari litii? Ubavu wa mpira ni kama kiti cha sofa. Ukiuegemea, huzama kwanza kabla ya kukushika. Unapokata usukani, rimu hugeuka, lakini mpira mrefu hujipinda kidogo kabla ya sehemu inayogusa lami kufuata. Ule uzembe wa sekunde kidogo ndio aliokuwa akiulalamikia mwanangu. Ufupishe ubavu na uzembe hupungua.

Upana nao watu huuelewa visivyo. Wengi hudhani tairi pana huongeza sana eneo la mpira linaloikanyaga barabara. Ukweli ni kwamba eneo hilo huamuliwa zaidi na uzito wa gari na presha ya upepo ndani ya tairi. Upana hubadilisha umbo. Badala ya alama ndefu nyembamba, unapata alama fupi pana. Umbo hilo hushika vizuri konani lami ikiwa kavu. Kwenye maji yaliyotuama ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando kabla ya kuifikia lami.

Nalijua hilo kwa sababu liliwahi kutaka kuniua, na si mimi pekee.

Ilikuwa Novemba 1997, wakati wa mvua za El Niño. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye gari la kwanza maishani, Corolla kuukuu lililovaa 175/70 R13. Muuzaji mmoja jijini alinionyesha matairi manne ya mtumba, 205/60 R13, mapana kama mgongo wa kiboko. Kwa hesabu ya kimo hayakuwa na kosa, maana yale ya zamani yalikuwa milimita 575 na haya 576. Ila rimu zangu zilikuwa za upana wa inchi 5, na tairi la namna ile lilitaka rimu pana zaidi. Likabanwa miguuni na kuvimba mbavuni, likawa linayumba kuliko lile nililolivua. Katikati lilikuwa limelika hadi mifereji yake ikabaki kama mikunjo ya kiganja. Kisha huyo bwana akanishauri nipunguze upepo hadi presha ya 20 ili, kwa maneno yake, "lishike lami kwa kucha". Nikamwamini. Nilikuwa nimetoka kulipa, na mtu aliyetoka kulipa huamini lolote.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa namrudisha mke wangu kwao Nakuru, mja mzito wa miezi sita. Tulikuwa tumepita Kinungi tukiteremka kuelekea Naivasha, mwendo wa 80 hivi, mvua ikimwagika. Mbele maji yalikuwa yamekatiza barabara, si mengi. Tulipoyaingia usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu kama wa gari la kuchezea watoto. Niliukata kushoto, gari likaenda lilikotaka. Lilizunguka mara moja na nusu likakomea kwenye nyasi za upande wa pili, pua ikitazama Nairobi tulikotoka. Lori lililokuwa likipanda mlima lilisimama karibu nasi kiasi kwamba nilimwona dereva akijipiga ishara ya msalaba. Mke wangu alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Hakutamka neno hadi Naivasha.

"Ni hii mvua," nikamwambia.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti wa NASA, wakichunguza magurudumu ya ndege kwenye miaka ya 1960, waligundua kuwa kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea sana presha ya upepo wake. Kwa kanuni yao, presha ya 30 huanza kuelea kwenye kilomita 91 hivi kwa saa. Presha ya 20 huanza kwenye 75. Magari yetu si ndege, na kina cha mifereji na upana wa tairi pia huhesabika, lakini nilipoisoma hesabu hiyo niliifunga ile jarida nikatoka nje kuvuta hewa.

Basi Jumapili hiyo chapati ziliposhuka mezani, kijana alikuwa angali ananingoja. Nilijaribu kwanza kumshinda kwa hoja. Nilimwonyesha herufi na nambari za mwisho ubavuni: letu ni 91H, na 91 ni uzito wa kilo 615 kwa kila tairi. Tairi la 215/45 R17 la kawaida ni 87, yaani kilo 545. Lile lililoimarishwa, lenye alama XL, ndilo hufikia 91, na bei aliyoniletea haikuwa yake. Akakuna kichwa. Nikamkumbusha kilomita nne za mwisho za kwenda mashambani, mawe na mashimo, na kwamba milimita 97 za mpira hazitoshi kuikinga rimu ya aloi na shimo lenye kingo kali.

"Lakini Baba, magari ya rali huvaa rimu kubwa."

"Wapi? Katika mashindano ya dunia huvaa inchi 18 kwenye lami. Yakija Naivasha kwenye vumbi huvaa 15, na ubavu mrefu. Wale watu si maskini, mwanangu. Wangeweza kununua zozote."

Akatabasamu, lakini sikuona kushindwa machoni mwake. Niliona kijana ambaye angesubiri niende zangu kisha afanye alivyotaka, kama nilivyofanya mimi. Na mwezi unaofuata mama yake angeketi kando yake kwenda kliniki.

Nikaweka kijiko chini nikasimulia yote. Matairi, rimu nyembamba, presha ya 20, Kinungi. Nilimtazama yeye nikisema, si mama yake. "Na wewe ulikuwa tumboni," nikamalizia.

Kimya kilitanda. Nilidhani mama watoto atasema juu ya lile lori. Badala yake aliuliza polepole, "Baba watoto, hayo matairi uliyanunua kwa pesa gani?"

Msomaji, hapo ndipo jasho lilinitoka. Kwa maana pesa hizo zilikuwa za kitanda cha mtoto, na wakati ule nilimwambia nimemkopesha mwalimu mwenzangu wa Hesabu, naye amekataa kulipa. Mtoto akalala katika sanduku langu la bweni, lililotandikwa blanketi. Na tangu siku hiyo mke wangu hajawahi kumjibu salamu yule mwalimu, si sokoni wala kwenye matanga. Yeye mwenyewe aliwahi kuniuliza alimkosea nini shemeji yake. Nikamwambia ndivyo alivyo, asijali.

"Kwa hiyo mwalimu wa watu hakuwa na deni," akasema.

"Hakuwa."

Aliinuka akaondoa sahani yangu ingali na chapati moja.

Magurudumu tuliyanunua wiki mbili baadaye, mimi na kijana, bila haraka. Tuliafikiana 205/55 R16. Ubavu ni milimita 113, kimo kizima milimita 632, uzito ni 91 kama ya mwanzo, na tulichagua mapya baada ya kusoma tarakimu nne za mwisho kwenye ule msururu unaoanza kwa DOT, ambazo hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. Muuzaji alitaka sana kutuuzia rimu zinazochomoza nje ya bodi. Zinapendeza, lakini rimu ikisogezwa nje hivyo usukani huwa mzito, gari huvutwa na kila ufa wa barabara, na beringi hubeba mzigo zisizoumbiwa. Tulitaka zinazokaa ndani sawa na zile za zamani, zenye upana wa inchi 6.5, na tundu la katikati linaloingia sawasawa kwenye kitovu cha gurudumu. Tulizipima pia uzani, muuzaji akatuona wendawazimu. Rimu nzito hulichosha gari kuondoka na kusimama, na hupiga mashimo kwa nguvu zaidi kwa kuwa iko chini ya springi. Upepo tukajaza kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Je, gari limebadilika? Limebadilika. Kwenye mizunguko ya barabara huingia na kutoka bila kulala, na usukani huitikia mara ya kwanza. Matuta yanasikika kidogo zaidi kuliko awali. Kijana anasema angali anaziota zile za 17. Namwambia aote tu, ndoto hazina ushuru.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na safari nyingine. Mama watoto alitangaza tangu asubuhi, akiwa tayari na leso yake mpya, na kikapu chenye kilo nne za sukari, majani ya chai na mkate. Mwalimu wa Hesabu amestaafu kama mimi, anaishi ng'ambo ya mto, na njia ya kwake ni ya udongo mwekundu. Ilikuwa imenyesha usiku. Kijana aliendesha, mama yake mbele, mimi nyuma na kikapu mapajani kama mtoto anayepelekwa kuomba radhi, na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa.

Tulipokaribia kidimbwi kilichokatiza njia, kijana alipunguza mwendo mapema akakipita taratibu. Mama yake alinitupia jicho kwenye kioo.

"Utamweleza wewe mwenyewe," akasema. "Na uanze na kile kitanda."