Kabla ya Mashine, Uliza Bledi

Mjomba wangu wa Biryogo, Kigali, alipostaafu udereva alinipigia simu akaniambia sasa anataka kukata mbao. Hakuwa na haja ya kutengeneza vitanda wala milango, hiyo ni kazi ya mafundi wa Gisozi. Alitaka kukata maua: majina ya wajukuu kwa herufi za kupinda, fremu za picha, wanyama wa kupanga kwa vipande. Alitaka pia vibao vyenye michoro ya imigongo, ile sanaa ya Kirehe inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu. "Wewe uko Ulaya, mjomba," akaniambia, "nitafutie ule msumeno unaocheza."

Nilijua anachokisema. Ni mashine ya kuweka mezani, yenye mikono miwili mirefu, mmoja juu na mwingine chini, na kwenye ncha zake imefungwa bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Bledi haitoki mahali pake, ubao ndio unaosogezwa. Kwa hiyo mwenye mkono mtulivu anaweza kuuzungusha ubao mpaka kwenye kona ndogo kama punje ya maharage. Maduka ya Brussels huuita scie à chantourner, Waingereza huuita scroll saw. Nyumbani kwetu Biryogo sasa unaitwa msumeno wa maua, nami nitatumia jina hilo.

Hapa Brussels, kuununua ni jambo la nusu saa. Unaingia Brico au Hubo, unasoma maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, unalipa, unaondoka. Mashine mpya ya bei nafuu ni kati ya euro 100 na 150 au hapo karibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa dhamana ya miaka 2, na ukiwa umeagiza kwenye intaneti una siku 14 za kuirudisha bila kueleza sababu. Yote haya ni mazuri, nami nimeyafaidi zaidi ya mara moja. Ila katika nusu saa hiyo hakuna mtu anayekuuliza unataka kukata nini, mbao gani, wala utaipeleka wapi. Unanunua boksi, na boksi halijui kuuliza.

Nikanunua lililokuwa limepunguzwa bei. Mashine ilikuwa na kilo kumi na moja, ikaingia ndani ya kilo 23 za mzigo wangu. Niliifunga kwa blanketi na magazeti, maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mtu hufunguliwa sanduku kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe akanyang'anywa nailoni yote aliyozungushia vitu. Plagi ya Ubelgiji iliingia kwenye soketi ya sebuleni kwa mjomba bila shida. Umeme wa huku na wa nyumbani ni mamoja, volti 230, hezi 50. Jioni ile ile tukakata jina la mjukuu wake wa kwanza.

Miezi mitatu baadaye akanipigia: bledi zimekwisha.

Kosa lilikuwa langu, na nalieleza kirefu kwa sababu watu wengi watalirudia. Bledi za msumeno wa maua ni za aina mbili. Zipo zenye kijiti cha chuma kilichopita katika kila ncha, ambazo unazitundika tu kwenye ndoano za mashine. Na zipo zisizo na kitu, uchi pande zote mbili, ambazo hubanwa na vibanio na kukazwa kwa skrubu. Urefu wa hizi za pili ni karibu milimita 127 kwenye mashine nyingi duniani, za bei rahisi na za bei ghali. Zile za vijiti ni rahisi kufunga, na wenye maduka huzisifia mno kwa wanaoanza. Lakini uchaguzi wa unene wake ni mdogo, na kijiti kinahitaji tundu kubwa. Ukitaka kukata tundu la ndani, kwa mfano jicho la herufi A, lazima utoboe kwa keekee kwanza, upitishe bledi, kisha uifunge tena. Bledi isiyo na kijiti hupita kwenye tundu la milimita moja na nusu, yenye kijiti inakulazimisha kuharibu ua kabla hujalianza. Mashine niliyompelekea mjomba ilikuwa inakubali zile za vijiti peke yake.

Alizitafuta kila mahali. Alizunguka kenkayeri, yaani maduka ya vifaa vya ujenzi, za katikati ya mji, akaenda mtaa wa Mateus, akashuka Nyabugogo. Alikuta bledi za msumeno wa chuma, za jigso, za msumeno wa duara, za kila ukubwa. Za kwake hazikuwapo. Mashine ikakaa kimya kwenye kona, juu yake zikapangwa sahani.

Mtu wa Brussels angefika hapo akaitupa, au angeiuza kwenye matangazo ya vitu vilivyotumika akanunua nyingine. Mjomba aliibeba kwenye pikipiki akaipeleka Gisozi.

Kwa asiyepajua: mafundi mbao wa Kigali zamani walikuwa Gakinjiro, katikati ya mji, kisha wakahamishiwa Gisozi, na leo ukisema Gakiriro ka Gisozi hakuna dereva wa pikipiki asiyekufikisha. Ni ghorofa na mabanda ya vyama vya ushirika, vumbi la mbao hewani, harufu ya vanishi na gundi, na kelele unazozisikia mpaka uvuke bonde. Moto umepaunguza zaidi ya mara moja, na kila mara watu wamerudi kazini. Jambo ambalo mgeni haoni haraka ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Unanunua mbao kwa huyu, inturusu au mvinje au libuyu. Unazipeleka kwa yule mwenye mashine kubwa ya kuranda, unalipa kwa ubao. Wa tatu ana mashine ya kukereza miguu ya meza. Wa nne anapiga msasa na rangi. Fundi anaweza kutengeneza kabati zuri bila kumiliki hata mashine moja yenye mota.

Hapa Brussels kuna chama kinaitwa Tournevie, ni kama maktaba, ila badala ya vitabu unaazima keekee, randa za umeme na misumeno. Ni wazo la maana na mimi ni mwanachama. Wenzangu wa pale hulisema kama ugunduzi mpya: kwa nini kila nyumba iwe na keekee inayofanya kazi dakika chache tu maisha yake yote? Huwa nawaambia waende Gisozi. Pale mashine haijawahi kuwa ya kukaa kabatini.

Sisemi hivyo ili kupasifu nyumbani kupita kiasi. Mtu anayekata mbao kwa kujiburudisha, Gisozi si mahali pake. Ukimpelekea fundi kibao cha sentimita ishirini chenye jina la mtoto, atakiweka nyuma ya foleni, nyuma ya sofa na milango, na ana haki kwa sababu sofa ndiyo inayolipa ada ya shule. Na ukimwambia mtu wa Kigali kwamba unakata maua ya mbao jioni kwa raha yako, swali la kwanza ni moja: "Unauza bei gani?" Mjomba aliulizwa hivyo na jirani, na shemeji, na imamu. Yuko binamu aliyemwambia hayo ni mambo ya wazungu. Hapo nakataa kabisa. Simama Mji Mkongwe wa Zanzibar mbele ya ile zahanati ya kale iliyojengwa kwa fedha za Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19, utazame roshani zake za mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha lasi. Kutoboa mbao ikawa ua ni kazi ya pwani yetu tangu zamani. Hata majina ya zana yalipanda nasi kuja bara, ndiyo maana Mnyarwanda asiyejua neno jingine la Kiswahili husema umusumari na umusumeno.

Fundi aliyeipokea mashine Gisozi si seremala, ni mchomeleaji wa geti na madirisha. Aliizungusha kwa mkono, akasikiliza, akaishika mikono yote miwili na kuitikisa kushoto na kulia. "Mzee, mashine yako ni nzima," akasema. "Midomo yake ndiyo mibaya." Akang'oa zile ndoano, akachonga vibanio viwili vidogo vya chuma, kila kimoja na skrubu yake, akavifunga mahali pa ndoano. Siku mbili, franga elfu kumi na tano. Tangu hapo mashine inakula bledi zisizo na kijiti, nami humtumia mjomba dazani chache kila anapopatikana mtu wa kusafiri.

Katika dhamana yangu ya miaka 2 ya Brussels hakuna mtu ambaye angenifanyia hivyo. Wangenibadilishia na nyingine yenye midomo ile ile.

Basi ukiulizwa na mtu wa Kigali achague mashine ipi, anza na bledi: inakubali zisizo na kijiti, za milimita 127? Kama jibu ni hapana, iache hata ikiwa ni zawadi. Zikikubaliwa aina zote mbili, vizuri. Einhell na Scheppach, za Ujerumani, zina mashine za bei ya chini zinazokubali zote mbili, na kwa mtu wa kujiburudisha hizo zinatosha. Bledi yenyewe chagua kwa namba: namba 2 kwa triplex (plaiwudi) nyembamba, namba 5 kwa ubao wa milimita 18 au 20, namba 7 kwenda juu kwa mbao nene. Ifunge meno yakitazama chini. Ikaze, kisha iguse kwa kidole: ikilia kama uzi wa inanga imekaa sawa, ikilia bubu itapinda na kukatika.

Halafu umeme. Ndugu zetu wa Canada na Marekani, tafadhali, msitume mashine za huko. Umeme wenu ni volti 120, hezi 60. Transfoma itashusha volti, lakini hezi haibadiliki, na baadhi ya mota za aina hii zikilishwa hezi 50 huzunguka taratibu kwa sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Binamu yetu wa Montréal alituma moja nzuri sana, nzito ajabu, nayo imekaa bila kazi. Mashine ya volti 230 haina makuu: wati 120 hivi, maana yake uniti moja ya cash power, umeme wa kulipia kabla, inatosha saa nane hivi za kukata mfululizo.

Mtetemo ndio unaotenganisha nzuri na mbaya, na boksi halitakwambia. Simamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza ya mashine, kisha washa na upandishe mwendo polepole. Sarafu ikibaki imesimama, chukua. Ikilala mara moja, tazama kama mashine imefungwa vizuri kwenye benchi, na ikilala tena, achana nayo. Jaribio hili nilifundishwa na mzee mmoja muuza vyuma kwenye soko la Place du Jeu de Balle hapa Brussels, ambako mara chache hutokea msumeno wa maua wa zamani wa kampuni ya Hegner. Hegner mpya kubwa hupita euro 1000, lakini iliyotumika ikipatikana kwa theluthi ya bei hiyo na sarafu ikasimama, mimi ningeichukua kuliko mpya yoyote ya boksi, kwa sababu imeundwa ifunguliwe na irekebishwe. DeWalt DW788 ni mashine ya kupendeza na ina koo, yaani nafasi kutoka kwenye bledi hadi nyuma ya mashine, la inchi 20, lakini ina kilo 25 hivi, nje ya mzigo mmoja wa ndege. Koo la milimita 400 linamtosha mtu anayekata majina na vinyago.

Wako watakaosema siku hizi kuna mashine za kukata kwa leza, na karakana ya FabLab Rwanda inazo. Kweli, leza inakata triplex kwa dakika chache na kila kipande kinafanana na mwenzake. Mjomba alipelekwa kuiona, akaisifu, akarudi nyumbani kwenye mashine yake. Anachokipenda ni kuushika ubao na kuusikia ukigeuka mkononi.

Wenye kenkayeri wa Kigali, nawaomba jambo moja dogo: wekeni bledi za milimita 127, namba 3, 5 na 7, kwenye kaunta, karibu na msasa. Wastaafu wenye mikono mitulivu wako wengi mjini kuliko mnavyodhani, na hata wanafunzi wa useremala watazitumia. Na wewe unayekwenda nyumbani Desemba hii, usimbebee mtu mashine kabla hujamuuliza ataifungia bledi gani. Kama tayari anayo, mbebee bledi. Dazani moja ya namba 5 inaingia kwenye bahasha ya barua.